"Mimi peke yangu ndiye ninayejua": wenye siri za kuuza na bei tunayolipa Tshopo

BARUMBU, Tshopo – Mwanzoni mwa mwezi wa kumi 2025, jimbo letu lilipita katika siku mbaya. Uvumi ulitembea mtaa kwa mtaa na kijiji kwa kijiji: kuna watu, wakikugusa tu, viungo vyako vya uzazi vinanyauka au vinapotea kabisa. Wengine waliuita ugonjwa, wengine uchawi. Watu walikamatwa njiani, wakapigwa na makundi yenye hasira, na kadhaa wakapoteza maisha. Kati ya waliouawa walikuwamo wafanyakazi wa afya waliofika teritware ya Isangi kwa utafiti juu ya chanjo. Walikuja kuuliza maswali. Hawakurudi kwao.

Isangi si mbali na sisi. Boti inayotoka Kisangani inapita Yangambi, inapita Isangi, halafu inateremka upande wa Basoko na huku Barumbu. Njia inayotuletea chumvi, sabuni na vidonge vya malaria ndiyo inayotuletea maneno. Na siku hizi maneno yanatangulia boti. Anayepata mtandao kidogo kwenye simu anapokea sauti ya WhatsApp, anawasikilizisha majirani kumi wasio na simu, na kabla ya jua kuzama kijiji kizima kinajua "ukweli" ambao hakuna aliyeuona kwa macho yake.

Juu ya uvumi wenyewe mengi yamesemwa. Viongozi wa jimbo walikanusha, madaktari walieleza, redio ziliomba watu watulie. Lakini kuna mtu mmoja aliyesahaulika katika maelezo hayo yote: yule anayegeuza uvumi kuwa jambo la hakika. Uvumi peke yake unasema "inasemekana". Unatisha, unasumbua, lakini haujamnyooshea mtu kidole. Hatari inaanza pale anaposimama mmoja na kusema: "Mimi najua. Ni yule pale." Na mara nyingi pembeni yake anasimama wa pili: "Na mimi nina dawa yake." Hao wawili ndio tunaotaka kuwaangalia, kwa sababu uvumi wa mwaka jana utaisha, lakini wao watarudi na mwingine.

Kwanza tukumbuke kwamba hili si jipya hata katika nchi yetu. Mwezi wa nne 2008 mji wa Kinshasa ulikumbwa na hofu ileile. Polisi ilikamata watu 13 walioshutumiwa kuwa wachawi wa kuiba viungo, na ikawazuia pia watu 14 waliosema wameibiwa. Katika vipindi vya redio wasikilizaji walionyana wajihadhari, ndani ya teksi, na jirani aliyevaa pete ya dhahabu. Polisi walieleza kwamba walitaka kuzuia damu isimwagike kama ilivyomwagika Ghana miaka kumi hivi kabla yake, ambako watu 12 walioshutumiwa kwa jambo hilohilo waliuawa na makundi. Na tayari wakati ule kulikuwa na wakaaji wa Kinshasa walioona mchezo ulivyo: mmoja anakutisha, mwingine anakuuzia tiba.

Ukweli wa mwili ni mdogo kuliko hadithi. Baridi na woga hufanya viungo vya mwanaume kujikunyata, halafu hurudi hali yake. Mtu aliyesikia uvumi asubuhi, akaguswa bega sokoni mchana, atajiangalia mara ishirini kabla ya usiku, na kila akiangalia kwa woga ataona alichokiogopa. Anapelekwa kwa mwombaji au kwa mwenye dawa, anashikwa mkono, anaambiwa atapona. Woga unashuka. Mwili unarudi. Kesho yake anatoa ushuhuda mbele ya watu, na anausema kwa moyo safi kabisa. Aliyemtibu amechukua sifa ya kitu kilichokuwa kinarudi chenyewe, na sasa ana shahidi wa kweli kwa dawa isiyofanya kitu. Ndiyo maana ushuhuda, hata wa mtu mwaminifu, hautoshi kumtambua mdanganyifu.

Wazee wa Kisangani wanaijua hadithi hii katika sura nyingine. Mwanzoni mwa mwezi wa nane 1964, waasi wa Simba wa Nicolas Olenga waliingia Stanleyville, kama mji ulivyoitwa wakati ule. Hawakuwa na silaha za kulishinda jeshi la serikali. Walikuwa na dawa. Kila mpiganaji alichanjwa ngozi, akapakwa unga ndani ya chale, akaahidiwa kwamba risasi zitageuka maji: ndiyo kelele ya "Mai Mulele" waliyopiga wakisonga mbele. Waliojua siri ya dawa hiyo walikuwa wachache, na jina lililotajwa zaidi lilikuwa la Mama Onema. Pamoja na dawa zilikuja sharti: usiguse mwanamke, usigeuke nyuma, usiguswe na asiyepewa dawa.

Na dawa "ilifanya kazi". Hapa ni lazima tuwe wakweli, kwa maana ndipo wengi wanaponaswa. Mara nyingi askari wa serikali walikimbia kabla vita haijaanza. Walikimbia kwa sababu wao pia waliamini dawa. Mji mkubwa ukaanguka, na kila aliyeona alipata ushahidi kwamba siri ni ya kweli. Baadaye, walipokutana na watu wasioamini dawa, mamluki wenye bunduki za rashasha na, tarehe 24 mwezi wa 11, askari wa miamvuli wa Ubelgiji walioshuka Stanleyville, vijana walianguka kama nyasi. Je, imani ilikufa hapo? Hapana. Jibu lilikuwa limetayarishwa tangu siku ya kwanza, ndani ya sharti. Aliyekufa alimgusa mwanamke. Aliyekufa aligeuka nyuma. Maiti haiwezi kujitetea, na walio hai waliona bora wakubali kwamba mwenzao alikosea kuliko wakubali kwamba wao nao wanakwenda mbele mikono mitupu.

Hiyo ndiyo alama ya kwanza, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote. Mwenye siri ya uongo hupanga mapema nani atalaumiwa siku siri itakaposhindwa, na huyo wa kulaumiwa ni wewe. Ukipona, ni dawa yake. Usipopona, hukuamini vizuri, hukufunga siku zote, ulimwambia mke wako jambo uliloambiwa usiseme, ulitoa dola 20 ukiwa na uwezo wa kutoa 50. Hakuna matokeo yoyote duniani yanayoweza kumwonyesha kwamba amekosea. Mtu wa namna hiyo hana ujuzi, hata akisema maneno 100 ya kweli katikati.

Angalieni sasa neno lenyewe. Simba walichanjwa. Na watoto wetu wanachanjwa. Kiswahili kinatumia neno moja kwa chale ya mganga na kwa sindano ya kituo cha afya, na si ajabu mama wa kijijini akiuliza tofauti iko wapi: wote wawili wanakuja kutoka mbali, wote wanasema wanajua kitu nisichokijua, wote wanataka ngozi ya mtoto wangu. Swali hilo si la ujinga. Linastahili jibu, na jibu "nyamaza, hii ni sayansi" ni jibu la mwenye siri.

Tofauti ni hii: mmoja anahesabu, mwingine hahesabu. Anayechanja kwa ajili ya surua anaandika ni watoto wangapi wamechanjwa, halafu anarudi, au anatumwa mwingine asiyemjua, kuuliza nani aliugua, nani hakuugua, nani alikataa na kwa nini. Kazi hiyo inaweza kumwaibisha. Inaweza kuonyesha kwamba dawa iliharibika kwa joto njiani, au kwamba timu iliandika vijiji ambavyo haikufika. Mama Onema hakutuma mtu kuhesabu waliokufa na dawa mwilini.

Na wale waliouawa Isangi ndiyo kazi waliyokuwa wakiifanya. Walikuwa watu wa kuuliza na kuandika. Katika jimbo zima, siku zile, hao ndio waliokuwa wamebeba kitu kilicho kinyume cha siri. Lakini walikuwa wageni, wanaingia nyumba kwa nyumba, wanauliza habari za watoto, na hadithi iliyowatangulia ilikuwa tayari imeeleza maana ya mgeni wa namna hiyo. Hii ni alama ya pili: kabla mwenye siri hajakuuzia chochote, anakuharibia wale wanaoweza kumpima. Daktari amelipwa. Mwandishi wa habari amenunuliwa. Pasta wa zamani ana wivu. Ndugu yako anayekushauri usiende ni yeye mwenyewe anayekuroga.

Ndugu zetu wa Kenya walilipia somo hili vibaya sana. Katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, tangu mwezi wa nne 2023 serikali ilifukua miili zaidi ya 400 ya watu waliohusishwa na kanisa la mhubiri Paul Mackenzie. Wengi walikufa kwa kufunga bila kula. Yeye amekana mashtaka mahakamani. Lakini miaka mingi kabla ya msitu, mahubiri yake yalikuwa yakipiga shule na hospitali. Watu hawakuambiwa siku ya kwanza wafe na njaa. Siku ya kwanza waliondolewa mwalimu, siku ya pili daktari, na alipobaki mdomo mmoja tu unaosema, hapakuwa tena na wa kuuliza.

Msifikiri kwamba mambo haya ni ya makanisa na waganga peke yao. Wazazi wetu wanakumbuka Bindo Promotion, mwaka 1991, wakati Zaire ilikuwa inaporomoka na pesa zinayeyuka mikononi. Mtu alileta pesa zake, akaahidiwa zirudi mara nyingi zaidi baada ya majuma machache. Zinatoka wapi? Hilo halikuelezwa. Ilikuwa akili ya mwenye mradi. Na wa kwanza walilipwa kweli, kwa pesa za waliokuja nyuma yao. Wakatembea mjini wakionyesha, kama yule aliyeponywa. Halafu yakavunjika, na waliokuja mwisho, ambao ndio wengi, wakabaki na karatasi. Leo karatasi imekuwa programu ya simu na mwenye mradi ana picha ya gari kwenye Facebook, lakini ukimwuliza faida inatoka wapi atakujibu kwamba wewe hauko tayari kuelewa.

Sasa swali gumu. Kwa nini watu wenye akili, wanaojua kupima mtumbwi kabla ya kuununua na kuchungua kimba cha mahindi kabla ya kulipa, wanaanguka mbele ya mtu anayesema "najua siri"? Jibu la harakaharaka la mijini ni kwamba watu wa kijiji hawakusoma. Sikubaliani nalo. Vikundi vya WhatsApp vya Makiso na Mangobo vimejaa watu wenye diplome. Jibu lingine linauma zaidi: katika nchi hii, mambo makubwa kweli yanafanyika kwa siri. Aliyeamini kwamba kuna jambo linafichwa mara nyingi alikuwa na haki. Msitu unatolewa kwa kampuni na mwenye shamba anajua siku mashine zinapofika. Mwenye siri ya uongo anavuna shamba ambalo wakubwa walilima.

Chukueni mfano ulio karibu na kila familia ya Kisangani: fidia ya Vita ya Siku Sita. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 mwezi wa sita 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigania mji wetu kana kwamba hauna watu. Tarehe 9 mwezi wa pili 2022, Korti ya Kimataifa ya Haki ya La Haye iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa makosa ya vita vile vyote, kwa mafungu matano ya dola milioni 65 kila mwaka. Kuna mfuko, FRIVAO, wenye makao Kisangani, wa kugawa pesa hizo kwa wahanga. Halafu wahanga walisikia nini? Mabadiliko ya viongozi, malalamiko juu ya orodha, na mwezi wa tisa 2025 aliyekuwa waziri wa haki, Constant Mutamba, akahukumiwa miaka mitatu ya kazi za kulazimishwa kwa kesi ya dola milioni 19 za ujenzi wa gereza Kisangani, pesa zilizotoka katika fidia hiyo. Mwenyewe alikana.

Weka hapo mjane mwenye umri wa miaka 60, aliyepoteza mume na nyumba, ambaye jina lake hajui kama liko au haliko. Akija kijana mwenye shati safi, akasema "nina mtu ndani, orodha ya kweli haijatangazwa, nipe dola 30 nikupitishe", unamwambiaje mama huyo kwamba asiamini? Amri ya korti ni ya kweli. Pesa ni za kweli. Na kutoonekana kwa orodha ni kwa kweli. Kijana ameongeza uongo mmoja tu. Dawa ya kijana yule ni ukuta: orodha ibandikwe kwenye kila komine, yenye tarehe, namba na sahihi, na iandikwe nani analalamikiwa kwa nani. Mtu hawezi kumuuzia jirani yake kitu kilichobandikwa ukutani.

Tuseme pia kwamba si kila siri ni udanganyifu. Muuguzi anaficha habari za mgonjwa wake, na ni wajibu wake. Wazee wana mambo ya ukoo wasiyomwambia mpita njia. Kuna mganga wa kienyeji ambaye hatakutajia mti wake, lakini majirani zake wa miaka 30 wanajua anatibu nini na hatibu nini, na akiona mtoto ana homa inayomshinda anasema mwenyewe: mpelekeni hospitali. Neno hilo moja, "hili silijui", sijamsikia hata mara moja mwenye siri ya uongo akilitamka.

Barumbu yenyewe ina somo lake, na liko shambani. Hapa palikuwa na kituo cha utafiti cha INEAC wakati wa Wabelgiji, na leo jina ni INERA, kama Yangambi. Kule Yangambi, mwaka 1941, watafiti Beirnaert na Vanderweyen walieleza jambo juu ya mchikichi ambalo lilibadilisha kilimo cha mawese duniani: ukipandisha mti wenye kokwa la ganda nene na ule usio na ganda, unapata mti wa katikati, wenye ganda jembamba na nyama nyingi ya mafuta, unaoitwa tenera. Wakati ule lilikuwa jambo la wataalamu wachache. Lakini halikuwa siri, kwa maana mtu yeyote mwenye panga anaweza kupasua tunda na kuangalia ganda.

Na hapohapo mdanganyifu amepata nafasi. Mbegu za tenera zilizookotwa chini ya mti mzuri hazizai tenera zote; karibu robo zinarudi kwenye ganda nene na robo nyingine zinatoa miti isiyo na ganda ambayo mingi haizai vizuri. Anayekuuzia mche kandokando ya njia akisema "hii ni mbegu teule, usiulize nimeipata wapi" anajua kwamba utagundua baada ya miaka mitatu au minne, yeye akiwa ameshahama. Mkulima mzoefu hamwulizi kama mbegu ni nzuri. Anamwuliza imetoka kwenye shamba gani, nani aliipandisha, na nani amekwisha kuipanda na ikazaa, ili aende akapasue tunda la huyo. Akinyimwa jibu, anarudi nyumbani na pesa zake.

Maswali hayo ya shambani yanafaa kwa mengine. Anayesema anajua mchawi ni nani, amejuaje, na mwingine asiyemjua yeye angeweza kujua kwa njia ileile? Akiwa amekosea, tutaonaje, na yeye atalipa nini kwa aliyepigwa bure? Kwa nini lazima iwe leo, kabla polisi au shefu hajafika? Mtu mwenye ujuzi atakasirika kidogo, halafu atajibu. Mwenye siri ya kuuza atageuka na kuanza kusema juu yako: wewe uko upande wao, wewe pia tukuchunguze. Hapo ndipo inapohitajika watu wawili au watatu waliokubaliana mapema, shefu, muuguzi, mama wa soko, kusimama mbele ya aliyeshutumiwa mpaka wakubwa wafike, kwa maana mtu mmoja peke yake atapigwa pamoja naye.

Timu za chanjo zitarudi mtoni. Surua na polio hazingoji uvumi uishe. Kwa wanaozipanga Kisangani kuna jambo dogo la kufanya. Kabla boti haijatia nanga, redio za hapa zitaje siku, idadi ya watu wanaokuja, kazi yao na jina la kituo cha afya kilichowapokea. Wafikie kwa shefu mchana, si jioni. Wasome barua yao ya kazi kwa sauti mbele ya watu, kwa Kiswahili au Lingala, na siyo kuionyesha tu kwa Kifaransa yenye muhuri. Waache namba ya simu inayopokelewa. Na wakimaliza, warudi siku moja kuwaambia wakaaji walichokiona katika majibu yao. Hilo la mwisho karibu halifanyiki kamwe: karatasi zinapanda Kinshasa, na kijiji kilichojibu maswali hakisikii tena neno.